Mark Scott, kutoka ABC hadi Chuo Kikuu cha Sydney: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Waliolisikia jina la Mark Scott kwa mara ya kwanza wakati wa maandamano ya vyuoni mwaka 2024 hushangaa wakiambiwa kwamba kiongozi huyu wa chuo kikuu kikongwe kuliko vyote Australia aliwahi kuongoza redio na televisheni ya umma ya nchi hiyo kwa miaka kumi. Waliomjua tangu enzi hizo wao huuliza upande wa pili: mtu wa habari alikwenda kutafuta nini chuoni? Haya ni majibu kwa makundi yote mawili.

Mark Scott ni nani, kwa kifupi?

Ni Mwaustralia aliyezaliwa mwaka 1962. Amewahi kuwa mwalimu wa shule, msaidizi wa mawaziri wa elimu, mhariri wa magazeti, mkurugenzi mtendaji wa Shirika la Utangazaji la Australia, ABC, kuanzia 2006 hadi 2016, kisha katibu wa Idara ya Elimu ya jimbo la New South Wales. Tangu Julai 2021 ni Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Sydney.

Makamu Mkuu wa Chuo ndiye bosi mwenyewe, au kuna mtu juu yake?

Ndiye mtendaji mkuu. Mfumo wa Australia umerithiwa kutoka Uingereza, kama ilivyo kwa vyuo vingi vya Afrika Mashariki, kwa hiyo msomaji wa huku hatapotea. Mkuu wa Chuo anaongoza mahafali na vikao vya chombo cha juu cha utawala, lakini hatii mkono katika shughuli za kila siku. Makamu ndiye anayeajiri, anayepanga bajeti na anayeitwa bungeni mambo yakiharibika.

Tahadhari moja tu. Katika vyuo vyetu vingi, Seneti ni chombo cha wanataaluma na utawala uko mikononi mwa Baraza la Chuo. Sydney mambo yamegeuka: Seneti ndiyo yenye mamlaka ya utawala, na masuala ya kitaaluma yanasimamiwa na Bodi ya Taaluma. Ukisoma kwamba Seneti ya Sydney ilimteua Scott, usidhani ni maprofesa waliokaa wakapiga kura.

Tofauti hii ya vyeo ni muhimu kwa sababu watu wa habari wanaopewa vyeo vya heshima vyuoni ni wengi. Greg Dyke alijiuzulu ukurugenzi mkuu wa BBC Januari 2004, na mwaka huohuo akawa Mkuu wa Chuo Kikuu cha York alikosomea. Benjamin Mkapa, aliyehariri *The Nationalist* na *Daily News* na kuwa mkurugenzi mwanzilishi wa Shirika la Habari Tanzania, Shihata, kabla ya kufika Ikulu, alikuja kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Hizo ni kazi za hadhi na busara. Ya Scott ni ya kubeba zigo lenyewe.

Alikuwa mwandishi wa habari tangu mwanzo?

Hapana, na hapa ndipo wasifu wake unaposomwa vibaya. Scott alianza na elimu, akapitia habari, akarudi kwenye elimu.

Alisoma Chuo Kikuu cha Sydney, akachukua shahada ya kwanza, stashahada ya ualimu na shahada ya uzamili. Alifundisha shule ya St Andrew's Cathedral iliyo katikati ya jiji la Sydney. Mwishoni mwa miaka ya 1980 akaingia ofisi ya Terry Metherell, waziri wa elimu wa New South Wales ambaye mageuzi yake ya mwaka 1988 yaliwafanya walimu waandamane barabarani kwa maelfu, kisha akafanya kazi na waziri aliyefuata, Virginia Chadwick. Baadaye alipata shahada nyingine ya uzamili, ya utawala wa umma, kutoka Harvard.

Elimu ilikuwa pia ya nyumbani. Baba yake, Brian Scott, mshauri wa mambo ya uongozi, ndiye aliyeongoza tathmini kubwa ya namna shule za umma za jimbo hilo zinavyoendeshwa. Babu yake, Sir Walter Scott, aliongoza bodi iliyoivusha Australia kutoka pauni na shilingi hadi dola mwaka 1966. Ni ukoo wa watu wanaoitwa kupanga upya taasisi za umma.

Gazetini aliingia mwaka 1994, na hata huko alipokelewa kama mhariri wa habari za elimu wa *The Sydney Morning Herald*. Alipanda haraka ndani ya kampuni ya Fairfax, mmiliki wa gazeti hilo, hadi akawa mhariri mkuu wa kundi zima la magazeti yake.

Aliipataje ABC ilhali hakuwahi kufanya kazi ya redio wala televisheni?

Swali hilo liliulizwa na wafanyakazi wa ABC wenyewe mwaka 2006. Mkurugenzi mtendaji huteuliwa na bodi kwa kipindi cha miaka mitano, na bodi ya wakati huo ilikuwa na wajumbe kadhaa wenye msimamo wa kihafidhina walioteuliwa na serikali ya waziri mkuu John Howard. Mtu aliyewahi kufanya kazi katika ofisi za mawaziri wa chama cha Liberal, asiye na historia ya utangazaji, alionekana kwa wengi kuwa ametumwa kulifunga mdomo shirika.

Miezi yake ya kwanza iliwaongezea hofu. Oktoba 2006 alitangaza sera mpya za uhariri zilizotilia mkazo kutopendelea upande, kisha akaanzisha nafasi ya mkurugenzi wa sera za uhariri, iliyoshikwa kwanza na Paul Chadwick. Waliokuwa ndani waliona pingu. Kwa maoni yangu alikuwa anaweka akiba: miaka tisa baadaye, waziri mkuu alipolishambulia shirika hadharani, Scott angeweza kujibu kwa kutumia kanuni ambazo shirika lenyewe lilijiwekea, na kukiri kosa la kipindi kimoja bila kuiuza ABC nzima.

Alibadilisha nini hasa pale ABC?

Aliikuta ABC ikiwa redio na televisheni yenye tovuti, akaiacha ikiwa shirika linaloweza kumfikia msikilizaji na mtazamaji popote alipo. Mwaka 2008 ilizinduliwa iView, huduma ya kutazama vipindi kupitia intaneti kwa wakati wa mtazamaji mwenyewe. Wakati huo Netflix ilikuwa bado miaka mingi kufika Australia. Desemba 2009 ikaja chaneli ya watoto, ABC3. Julai 2010 ikaanza ABC News 24, chaneli ya habari ya saa 24, iliyolipiwa kwa fedha zilizobanwa kutoka ndani ya shirika bila nyongeza ya serikali.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyolalamikiwa zaidi. Waandishi walisema wanaenezwa kama siagi kidogo juu ya mkate mrefu: waandishi walewale, saa nyingi zaidi za kujaza. Lalamiko lilikuwa la haki. Hata hivyo, shirika la umma lisilokuwa na habari za papo kwa papo mwaka 2010 lingekuwa linajiandalia kustaafu, na Scott aliliona hilo mapema kuliko wengi.

Namna alivyofikiri inaonekana vizuri katika mhadhara alioutoa Melbourne Oktoba 2009. Miezi michache kabla, Rupert Murdoch alikuwa ametangaza kwamba wasomaji wa magazeti yake mtandaoni wataanza kulipia, na mwanawe James akawa amelishambulia BBC kwa ukubwa wake. Scott alijibu kwa kulinganisha dola za habari za zamani na Roma inayoanguka, kwamba zinadhani amri zao bado zinatiiwa wakati mamlaka yameshahamia kwa msomaji. Kwa mkurugenzi wa shirika la umma kumjibu Murdoch ndani ya Australia, nchi ambako familia hiyo inamiliki sehemu kubwa ya magazeti, ilihitaji moyo.

Ugomvi wake na serikali ya Tony Abbott ulihusu nini?

Kulikuwa na matukio mawili, na watu huyachanganya.

La kwanza lilianza Novemba 2013. ABC kwa kushirikiana na *Guardian Australia* ilichapisha habari, kutoka nyaraka za Edward Snowden, mvujishaji wa siri za ujasusi wa Marekani, kwamba mwaka 2009 idara ya ujasusi ya Australia ilijaribu kunasa simu ya Rais Susilo Bambang Yudhoyono wa Indonesia, ya mkewe na ya watu wake wa karibu. Indonesia ilimwita balozi wake nyumbani. Januari 2014 Abbott, aliyekuwa waziri mkuu, akasema redioni kwamba ABC inaonekana kuchukua upande wa kila mtu isipokuwa Australia. Scott alisimama na habari ile. Ilikuwa ya kweli, ilihusu maslahi ya umma, na aibu ya serikali haikutosha kuwa sababu ya kuificha.

La pili lilikuwa gumu zaidi kwa sababu safari hii shirika lilikuwa limeteleza. Juni 2015 kipindi cha mjadala cha *Q&A*, kinachorushwa mubashara, kilimruhusu kuuliza swali mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa kutishia maofisa wa usalama. Waziri mkuu akaja juu na kuiuliza ABC iko upande gani, na mawaziri wake wakakisusia kipindi kwa muda. Siku chache baadaye Scott alitoa hotuba Melbourne. Alikubali kwamba kumrusha mtu yule mubashara lilikuwa kosa la maamuzi. Kisha akasema ABC iko upande wa Australia, na namna yake ya kuwa upande huo ni kuwa shirika la utangazaji la umma lenye uhuru wake. Kusema kwa niaba ya serikali, alieleza, ni kazi ya mashirika ya utangazaji ya dola kama yale ya Korea Kaskazini.

Naiona hotuba hiyo kuwa kilele cha miaka yake kumi. Kiongozi dhaifu angekana kosa ili alinde heshima, au angeomba radhi kwa kila kitu ili alinde bajeti. Yeye alitenganisha kosa la usiku mmoja na haki ya kudumu ya taasisi, na ustadi huo ndio aliokuja kuuhitaji tena alipofika chuoni.

Je, bajeti ya ABC ilikatwa kwa sababu ya ugomvi huo?

Tarehe hazikubaliani na maelezo hayo moja kwa moja. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa Septemba 2013 Abbott aliahidi kwenye televisheni kwamba ABC haitapunguziwa fedha. Novemba 2014 serikali yake ikatangaza punguzo la dola za Australia milioni 254 kwa miaka mitano, na Scott akalazimika kutangaza kwamba kazi zaidi ya 400 zitaondoka. Hayo yalitokea baada ya habari za Indonesia na kabla ya *Q&A*. Mkataba wa utangazaji wa kimataifa wa Australia Network nao ulivunjwa mwaka 2014, na waliosikitika zaidi ni watazamaji wa visiwa vya Pasifiki.

Baada ya ABC, kwa nini hakwenda kwenye kampuni kubwa ya habari?

Mwaka 2016 alichukua ukatibu wa Idara ya Elimu ya New South Wales: shule za umma takriban 2,200 na wanafunzi wapatao 800,000. Kwa mshahara na kwa jina, wengi waliona ameshuka ngazi.

Ukiitazama kazi yake yote, hakushuka. Tangu ofisi ya Metherell hadi leo Scott amekuwa akifanya jambo lilelile: kushika taasisi ya umma ambayo serikali inaiona kama mali yake na wafanyakazi wanaiona kama mali yao, na kuwakumbusha wote wawili kwamba ina mwenyewe mwingine. ABC mwenyewe ni msikilizaji. Shuleni ni mtoto na mzazi wake. Kwa hiyo namsoma kama mtumishi wa umma ambaye kwa miaka 22 alipitia vyumba vya habari. Ukimsoma kama mwanahabari aliyepotea njia, nusu ya maamuzi yake hutayaelewa.

Mtihani wake mkubwa huko ulikuwa janga la UVIKO. Machi 2020 wanafunzi walihamia kusomea nyumbani kwa muda mfupi mno wa maandalizi, na Mei wakaanza kurejea madarasani. Aliyekuwa ametumia miaka kumi kujenga mifumo ya kuwafikia watu majumbani mwao hakuwa mtu mbaya kuwa naye ofisini wiki zile.

Hana shahada ya uzamivu. Inawezekanaje kuongoza chuo kikuu?

Inawezekana kwa sababu sheria haidai. Mila ndiyo inayodai. Aliyemtangulia, Michael Spence, alikuwa msomi wa sheria aliyeondoka kwenda kuongoza University College London, na aliyeshika nafasi kwa muda, Stephen Garton, ni mwanahistoria. Scott alikuwa na udaktari wa heshima tu, mmojawapo kutoka Sydney yenyewe.

Wanataaluma waliolalamika hawakuwa wanagombania vyeti. Walikuwa na hoja ya kweli. Asiyewahi kukaa miaka mitano na swali moja, akashindwa, akaanza upya, anaweza asijue ni kitu gani hasa anachokilinda anapoambiwa alinde utafiti. Jibu lake lilikuwa kuzungukwa na wanaojua. Mshauri mkuu wa taaluma na naibu wake wa juu akawa Annamarie Jagose, msomi wa fasihi na masuala ya jinsia. Utafiti ukashikwa mwaka 2022 na mwanasayansi wa bahari Emma Johnston, ambaye mwaka 2025 alikwenda kukiongoza Chuo Kikuu cha Melbourne. Kuchagua wasaidizi wanaokuzidi katika fani ni jambo ambalo mhariri mzuri hulizoea, maana mhariri mkuu hawezi kujua uchumi kuliko mwandishi wake wa uchumi.

Ipi tofauti kubwa kati ya kuongoza chombo cha habari na kuongoza chuo?

Anza na kufanana. Pande zote mbili wamejaa watu hodari ambao uaminifu wao wa kwanza ni kwa taaluma, na mwajiri anafuata nyuma sana. Pande zote mbili fedha za umma zinaingia na wanasiasa wanazifuata kwa macho. Pande zote mbili bidhaa yenyewe ni ukweli, na ukweli una maadui wenye nguvu.

Tofauti ya kwanza ni saa. Taarifa ya habari ya usiku haingojei mtu. Ikifika muda wake lazima mtu awe ameamua, hata kama ameamua vibaya. Chuoni pendekezo la kozi mpya hupita idara, kitivo na Bodi ya Taaluma, na kila kituo kina haki ya kulirudisha. Kiongozi aliyezoea kuamua kabla ya jua kuzama ataona uzembe, na kama hana subira ataanza kuruka hatua. Hatua zile ndizo zinazofanya shahada ya chuo iaminike.

Tofauti ya pili ni nzito zaidi. Mkurugenzi mtendaji wa ABC ndiye pia mhariri mkuu. Neno lolote linalotoka hewani, mwisho wa siku, ni lake: anaweza kulizuia, kulisahihisha au kuliombea radhi. Makamu Mkuu wa Chuo hana kiti hicho. Profesa wake anaweza kuandika gazetini kesho kwamba uongozi wa chuo umekosea, na hajavunja kanuni yoyote. Baada ya ripoti ya mwaka 2019 ya Robert French, jaji mkuu mstaafu wa Australia, kuhusu uhuru wa kusema vyuoni, vyuo vya nchi hiyo viliweka uhuru huo katika maandishi. Sydney ina hati yake.

Kwa maneno mengine, mtu aliyekuwa na neno la mwisho anahamia mahali ambapo kazi yake ni kuhakikisha hakuna mwenye neno la mwisho. Wengi wanaotoka kwenye habari wanashindwa hapo, na hata kwa Scott ndipo ulipo ugumu wa kweli.

Hali ya fedha ya chuo chini yake imekuwaje?

Ya kustaajabisha na ya kugombanisha. Mwaka wake wa kwanza, 2021, hesabu za chuo zilionyesha ziada ya zaidi ya dola bilioni 1, sehemu kubwa ikitokana na uwekezaji na mambo yasiyojirudia. Uongozi ukieleza kwamba ziada hiyo si fedha taslimu ya kugawa, mhadhiri wa muda anayelipwa kwa saa alisikia kitu kimoja tu: fedha zipo. Migomo ilianza Mei 2022 na kuendelea kwa vipindi hadi makubaliano ya mwaka 2023. Nina hakika maelezo ya kihasibu yalikuwa sahihi, na nina hakika pia kwamba hayakutosha. Makamu wakuu wa vyuo vikubwa vya Australia, Scott akiwemo, wanalipwa zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka, na aliye juu ya kiwango hicho hawezi kumweleza anayelipwa kwa saa kuhusu subira akaeleweka.

Udhaifu wenyewe uko kwingine. Karibu nusu ya wanafunzi wa Sydney, katika jumla ya zaidi ya 70,000, wanatoka nje ya Australia, na ada zao ndizo zinazobeba utafiti. Serikali ilipotaka kuweka kikomo cha idadi yao mwaka 2024, muswada ulikwama bungeni Novemba, lakini onyo lilikuwa limesikika. ABC ilitegemea mlipaji mmoja, serikali. Sydney inategemea wazazi walioko nchi za mbali, ambao serikali hiyohiyo inaweza kuwafungia mlango.

Kambi ya mwaka 2024 ilikuwaje, na mbona alilaumiwa na pande zote?

Aprili 2024 wanafunzi waliopinga vita vya Gaza waliweka mahema mbele ya jengo kuu la chuo, kambi ya kwanza ya aina hiyo Australia. Nchini Marekani vyuo kadhaa viliita polisi. Scott hakuita. Kambi ilikaa hadi Juni, ikamalizika kwa makubaliano na chama cha wanafunzi Waislamu yaliyohusu uwazi wa mahusiano ya utafiti na sekta ya ulinzi na kupitiwa upya kwa sera ya uwekezaji. Baadhi ya waandamanaji waliyakataa.

Baada ya hapo pande zote zilimgeukia. Viongozi wa jumuiya ya Kiyahudi walisema wanafunzi wao waliishi kwa hofu wakati uongozi unangoja. Septemba 2024, mbele ya kamati ya bunge, Scott alikubali kwamba yeye na chuo waliwaangusha wanafunzi hao, akaomba radhi. Upande wa pili, sera mpya ya matumizi ya eneo la chuo, iliyotaka waandamanaji watoe taarifa saa 72 kabla, ilipingwa vikali na vyama vya wafanyakazi na watetezi wa haki za kiraia.

Linganisha na 2015. Wakati ule aliyemshambulia alikuwa nje, na nyuma ya Scott kulikuwa na shirika zima lililotaka atetee uhuru wake. Mwaka 2024 waliokuwa wakilia walikuwa watu wake pande zote mbili: mwanafunzi aliye hemani ni wake, na anayeogopa kupita karibu na hema ni wake. Hapakuwa na hotuba ya Melbourne iliyoweza kuwaunganisha. Ninaamini kutoita polisi kulikuwa uamuzi sahihi, na ukiangalia damu iliyomwagika kwenye vyuo vingine ni vigumu kubisha. Kosa lilikuwa kuwaacha wanafunzi waliotishwa wangoje mpaka mvutano uishe ndipo wasikilizwe. Kanuni ya saa 72 nayo ilikuja kwa haraka ya chumba cha habari, mahali palipohitaji mashauriano ya chuo.

Kuna wengine waliopita njia hii?

Wapo, hasa Oxford na Cambridge. Alan Rusbridger, mzaliwa wa Zambia, alihariri *The Guardian* miaka 20 kisha akakiongoza chuo cha Lady Margaret Hall kuanzia 2015 hadi 2021. Huko alianzisha mwaka wa msingi kwa vijana wenye uwezo waliotoka katika mazingira magumu, na Oxford nzima baadaye ikaja na mpango wake wa namna hiyo. Roger Mosey alitoka BBC, alikosimamia matangazo ya Olimpiki ya London 2012, akaenda chuo cha Selwyn, Cambridge.

Ninayemkumbuka zaidi ni Sonita Alleyne, mzaliwa wa Barbados na mwanzilishi mwenza wa kampuni ya kutengeneza vipindi ya Somethin' Else. Mwaka 2019 akawa mtu mweusi wa kwanza kuongoza chuo chochote cha Oxford au Cambridge, na mwanamke wa kwanza kuongoza Jesus College tangu kianzishwe mwaka 1496. Oktoba 2021 chuo chake kiliirudishia Nigeria sanamu ya jogoo iliyoporwa katika ufalme wa kale wa Benin. Lakini kilipotaka kuhamisha kutoka kanisani mwake kumbukumbu ya Tobias Rustat, mwekezaji katika biashara ya watumwa, mahakama ya Kanisa la Uingereza ilikataa mwaka 2022. Huko ndiko kuongoza chuo: jogoo unaweza kumrudisha, na jiwe lililo ukutani mwako mwenyewe likakushinda.

Njia ya kinyume nayo imejaribiwa. Frederick Ogilvie aliacha kuongoza Chuo Kikuu cha Queen's cha Belfast mwaka 1938 ili awe mkurugenzi mkuu wa BBC. Vita vikamkuta, na mwaka 1942 akaondolewa. Alimalizia kazi yake akiwa mkuu wa Jesus College, ile ya Oxford.

Chuo kikitaka kuajiri mtu wa habari, kiangalie nini?

Kiangalie aliongoza chombo cha aina gani. Umaarufu wa sura usikipumbaze. Aliyekuza mapato ya matangazo ya kituo cha burudani anaweza kuwa meneja hodari na asifae kabisa. Aliyewahi kumlinda mwandishi wake dhidi ya simu ya waziri, kisha kesho yake akamwambia mwandishi huyohuyo kwamba habari yake ina kasoro na itasahihishwa, huyo ameshafanya mazoezi ya kazi yenyewe. Na aulizwe swali moja kwenye usaili: ni lini mara ya mwisho aliacha uamuzi aliokuwa na uwezo wa kuufanya peke yake upite kwa watu wengine?

Je, Scott ameacha kabisa kazi ya utangazaji?

Hajaacha. Chuo kina podikasti iitwayo *The Solutionists*, ambamo watafiti wanaeleza matatizo wanayojaribu kuyatatua, na mtangazaji wake ni Makamu Mkuu mwenyewe. Aliyeingia ABC bila kuwahi kukaa mbele ya maikrofoni anaendesha kipindi chake kutoka chuoni, akiwauliza maswali watu wasiolazimika kukubaliana naye.